Kunakili Mfarishi wa Kale: Vipande 5602 vya Jane Stickle

0. Utangulizi

Katika jumba la makumbusho la Bennington, mji mdogo wa jimbo la Vermont, kaskazini-mashariki mwa Marekani, kumehifadhiwa tandiko la kitanda lililoshonwa na mwanamke aitwaye Jane Stickle. Tandiko hilo ni la mraba, lenye sentimeta 203 hivi kila upande. Uso wake umegawanyika katika miraba midogo 169, safu 13 zenye miraba 13 kila moja. Miraba hiyo imezungukwa na pembetatu 52, yaani 13 kila upande, na kwenye pembe nne pana vipande vinne vya kona. Ukingo wake haukunyooshwa bali umekatwa kwa mawimbi. Kila mraba una nakshi yake. Katika kona moja mshonaji aliweka maneno machache ambayo kwa Kiswahili yangesomeka hivi: katika wakati wa vita, 1863, vipande 5602, Jane A. Stickle.

Mwaka 1996 mwalimu mmoja wa Marekani, Brenda Papadakis, alichapisha kitabu kiitwacho Dear Jane, ambamo alichora vigezo vya sehemu zote 225 za tandiko hilo. Jina la kitabu ni mwanzo wa barua: mwandishi anamwandikia Jane, aliyekuwa amekwisha kufa miaka mia moja kabla. Tangu hapo washonaji wengi, ndani na nje ya Marekani, wamejitahidi kulishona upya tandiko lile, kipande kwa kipande. Makala haya yanaeleza jinsi kazi hiyo inavyofanywa. Lakini yanafanya hivyo kwa jicho la swali ambalo mtu anayeshughulikia lugha na miswada hawezi kulikwepa: anayenakili kitu cha kale ananakili nini hasa, na anawajibika kusema nini juu ya nakala yake?

Swali hilo si la starehe. Nuru huharibu kitambaa cha pamba pamoja na rangi yake, na uharibifu wa nuru hujumlika mwaka hata mwaka bila kurudishwa. Kwa sababu hiyo majumba ya makumbusho huonyesha nguo za kale katika mwanga hafifu, na jumba la Bennington hulitoa tandiko la Jane kwa majuma machache tu kila mwaka, majira ya kupukutika majani, kisha hulirudisha gizani. Watu walio wengi watalijua kwa njia ya nakala tu. Ikiwa nakala zimekosea, kosa ndilo litakaloenea.

1. Jina la kitu

Kiswahili hakikukosa neno. Kamusi zinataja mfarishi, yaani tandiko la kitanda lililotiwa pamba katikati na kushonwa. Shina lake ni la Kiarabu, lenye maana ya kutandika. Katika Kiswahili cha Lubumbashi neno hilo halisikiki sana, na hata pwani linapungua. Hata hivyo ni afadhali kulifufua kuliko kuunda jipya. Kinachoutenga mfarishi na blanketi ni tabaka zake tatu: uso unaoonekana, pamba iliyolazwa chini yake, na bitana. Tabaka hizo hushikamanishwa kwa mishono inayopenya zote tatu. Bila mishono hiyo kuna nguo tatu zilizolaliana tu.

Kuna tatizo dogo katika neno kiraka, ambalo wafasiri hulikimbilia. Kiraka huziba tundu, hufuata kuchakaa. Vipande vya mfarishi wa Jane havikuziba kitu chochote. Vilikatwa kwa makusudi, vikapimwa, vikaunganishwa ili viwe nakshi. Mwenyewe alipohesabu hakuandika viraka, aliandika vipande, na makala haya yanamfuata.

Mfarishi wa namna hii, ambao kila mraba wake una nakshi tofauti, unaweza kuitwa mfarishi wa vielelezo. Desturi ya vielelezo ilianza katika darizi, si katika matandiko. Huko Ulaya, kabla vitabu vya nakshi havijaenea, mdarizi aliweka mifano ya mishono yake juu ya kitambaa kimoja ili asiisahau na ili awafundishe wengine. Kitambaa cha Uingereza cha aina hiyo kilicho cha kale kuliko vyote vyenye tarehe ni cha Jane Bostocke, cha mwaka 1598, kilichomo katika jumba la Victoria and Albert mjini London. Kilikuwa ni kumbukumbu, na kwa maana hiyo kilifanana na kamusi: hakuna anayesoma kamusi kwa ajili ya hadithi, bali kila neno humo limewekwa lisipotee. Jane wa Vermont alikuwa na umri wa miaka 46 hivi alipoandika tarehe yake. Hakuwa tena mwanafunzi. Kamusi yake ni ya mtu aliyekwisha kuijua lugha.

2. Pamba na vita

Jane Blakely alizaliwa mwaka 1817 huko Shaftsbury, jirani ya Bennington, akaolewa na Walter Stickle. Alikufa mwaka 1896. Vita anavyovitaja ni vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani, vya 1861 hadi 1865. Jimbo la Vermont, lililokuwa na wakaaji wapatao 315,000 katika sensa ya 1860, lilitoa askari zaidi ya 34,000, na zaidi ya 5,000 kati yao walikufa. Haifai kulisoma neno lile la kona kama pambo. Mwanamke aliyehesabu vipande 5602 hakuwa mtu wa kutupa maneno.

Vita hivyo vilikuwa pia vita vya pamba. Pamba ililimwa na watumwa katika majimbo ya kusini, ikasokotwa na kufumwa katika viwanda vya kaskazini, hasa Massachusetts, jimbo linalopakana na Vermont. Vita vilipokata njia, bei ya pamba ghafi ilipanda kutoka senti kumi na kitu kwa ratili hadi zaidi ya dola moja mwaka 1864. Kitambaa cheupe ambacho Jane alikitumia kama uwanja wa kila nakshi kilikuwa cha pamba.

Hapa msomaji wa Kiswahili anakutana na kitu anachokijua. Tangu mkataba wa biashara wa 1833 kati ya Marekani na Seyyid Said, wafanyabiashara wa Salem, bandari ya Massachusetts, walileta Unguja kitambaa cha pamba kisichopaushwa, nacho kikapewa jina la nchi yake: merikani. Kiliingia bara mabegani mwa wapagazi, kikipimwa kwa shuka na kwa doti, kikafika Ujiji na kuvuka ziwa hadi Manyema. Miaka ileile ya vita merikani iliadimika Unguja, na vitambaa vya Uingereza na vya Bombay vikachukua nafasi yake. Baadaye ilirudi: Stanley alipoondoka Bagamoyo mwaka 1871 alikuwa na mizigo ya merikani pamoja na kaniki. Hivyo uhaba mmoja uligusa kikapu cha mshonaji wa Vermont na soko la Unguja kwa wakati mmoja. Neno lenyewe limebaki katika kamusi ya Kiswahili, wakati Wamarekani wenyewe hawakuwa na sababu ya kukiita kitambaa chao hivyo.

3. Umbo, na kosa ndani ya umbo

Papadakis aliuona mfarishi kwa mara ya kwanza katika picha ya kitabu, Plain and Fancy cha Cleveland na Bister, kilichochapishwa mwaka 1991 juu ya mifarishi ya Vermont. Ili aweze kutaja kila mraba alitumia gridi: safu za kulala zikapewa herufi A hadi M, na za kusimama namba 1 hadi 13. Kila mraba una anwani yake, A-1, G-7, M-13. Ni njia rahisi, nayo haikumwongezea Jane neno lolote.

Majina ni jambo jingine. Jane hakuacha jina la nakshi hata moja; ni Papadakis aliyeyatunga. Mraba A-1 ameuita kwa maneno yanayoweza kufasiriwa kuwa kititia kilichokwenda kombo. Kititia ni kile chombo cha mchezo cha watoto kinachozungushwa na upepo. Jina hilo ni zuri, lakini ni hukumu pia. Linasema kwamba kulikuwa na kititia sahihi akilini mwa mshonaji, na kwamba mkono au vipimo vilimpotosha. Je, kama alikusudia hivyo? Kumpa kitu jina ni hatua ya kwanza ya kukifasiri, na anayenakili kwa kufuata jina hushona tafsiri akidhani anashona kitu chenyewe.

Wanafunzi wa ushairi wa Kiswahili wanalijua jambo hili kwa njia nyingine. Al-Inkishafi ya Sayyid Abdallah bin Ali bin Nasir imetufikia kwa nakala za waandishi waliokuja nyuma, na nakala hizo hazikubaliani katika kila jambo. Mhariri anayekutana na neno gumu ana njia mbili: kulibadili liwe jepesi, au kuliacha na kulieleza. Wenye taaluma ya miswada wana kanuni ya zamani kwamba usomaji mgumu ndio wa kuaminiwa kwanza, kwa kuwa mwandishi wa kunakili hurahisisha mara nyingi kuliko anavyotatanisha. Kanuni hiyo inafaa katika kitambaa pia. Ncha ya pembetatu iliyokatwa na mshono, duara lisilo katikati, mstari uliopinda kwa milimeta mbili: haya ndiyo mambo ambayo mnakili wa kwanza huyanyoosha bila kufikiri. Akiisha kuyanyoosha, wa pili anayemfuata yeye hana tena njia ya kujua kwamba yalikuwapo.

Kukiacha kosa si kazi nyepesi. Mraba ulionyooka huchorwa kwa rula na bikari. Mraba uliokwenda kombo lazima upimwe pembe kwa pembe, kisha ushonwe kwa usahihi katika upotovu wake. Washonaji wengi hushona umbo lililonyooshwa, nao hawana hatia katika hilo, ilimradi wasiseme kwamba hivyo ndivyo Jane alivyoshona.

4. Kitambaa na rangi

Umbo linaweza kunakiliwa na mtu yeyote mwenye subira. Rangi humshinda hata mwenye subira, kwa sababu rangi tunayoiona leo si ile ya 1863. Swali la kwanza ni kama nakala itaiga mfarishi ulivyokuwa mpya au ulivyo sasa. Njia zote mbili ni halali, lakini haziwezi kuchanganywa: kijani kilichofifia kando ya nyekundu isiyofifia ni mfarishi ambao haujawahi kuwapo siku yoyote.

Historia ya rangi husaidia kuamua. Mwaka 1856, London, William Henry Perkin aligundua zambarau ya kwanza ya kutengenezwa maabarani. Kwa hiyo katika 1863 rangi za namna hiyo zilikwisha kuzaliwa, ila chiti nyingi, yaani vitambaa vya pamba vyenye maua yaliyochapwa, zilikuwa bado na rangi za asili na za madini. Wekundu na kahawia vilitoka katika mizizi ya mmea wa jamii ya Rubia. Kiini cha rangi hiyo hakikupata kuundwa maabarani hadi 1868. Buluu ilitoka katika nili au katika madini ya chuma. Manjano kali ilikuwa ya kromi. Kijani kilipatikana mara nyingi kwa kuweka manjano juu ya buluu, na moja ya rangi hizo ikifa kabla ya nyingine, majani ya kijani hugeuka ya buluu au ya manjano. Kahawia iliyokolezwa kwa chuma hula kitambaa chenyewe: katika mifarishi mingi ya karne ya 19 maua ya kahawia yamekuwa matundu, wakati uwanja wake ungali mzima.

Hapo pana habari ndogo inayostahili kusimuliwa katika nchi hii. Mwaka 1884 mkemia wa Kijerumani, Paul Böttiger, alipata rangi nyekundu iliyoweza kuingia katika pamba moja kwa moja, bila dawa ya kuishikisha. Ilipelekwa sokoni siku zile mkutano wa Berlin ulipokuwa vinywani mwa watu wote, nayo ikaitwa nyekundu ya Kongo. Haikuwa na uhusiano wowote na Kongo. Lilikuwa jina la kuuzia tu. Kwa nguo ilikuwa rangi mbaya, hufifia upesi kwa jua na kwa kufuliwa. Lakini kwa wataalamu wa mifarishi imekuwa shahidi mwema: mahali palipo na nyekundu hiyo, mfarishi hauwezi kuwa wa kabla ya 1884, hata ukiwa umeandikwa tarehe gani. Anayenakili kazi ya 1863 hana ruhusa ya kuiga mwonekano wake.

Siku hizi viwanda huchapa chiti zinazoiga za karne ya 19, na hizo ndizo washonaji wengi wanazozinunua. Kinachopaswa kuangaliwa ni ukubwa wa maua. Kipande kinachoonekana cha sentimeta moja kikikatwa katika chiti ya maua makubwa kitakuwa na rangi tupu, na nakshi yote itapotea. Kwa sababu hiyo vikwembe vyetu vya kawaida, pamoja na uzuri wake, havifai kwa kazi hii; ua moja la kikwembe linaweza kuufunika mraba mzima wa Jane.

Cheupe ndicho kigumu zaidi. Pamba nyeupe ya leo hutiwa dawa za kung'arisha zinazoipa mwanga wa kibuluu, na kando ya chiti za rangi tulivu hung'aa kama meno. Wengine huloweka kitambaa katika chai ili kipate uzee. Hila hiyo hufaulu kwa macho, na hudhuru kwa muda, kwa kuwa chai ina asidi inayodhoofisha nyuzi. Ni heri kutafuta kitambaa chenye weupe wa maziwa tangu dukani. Vitambaa vyote vifuliwe na kupigwa pasi kabla ya kukatwa, ili anayeruka maji aruke kabla ya kushonwa na anayemwaga rangi ajulikane mapema.

5. Kukata na kushona

Mraba mmoja ulio tayari una inchi nne na nusu, yaani sentimeta 11.4. Ukigawa vipande 5602 kwa sehemu 225 unapata takriban 25 kwa kila sehemu: vipande 25 katika eneo lisilozidi sana upana wa kiganja. Kila kipande huhitaji akiba ya mshono ya milimeta 6 pande zote. Hesabu yake inashangaza. Kipande kinachoonekana cha sentimeta moja kwa moja hukatwa kwa sentimeta 2.2 kwa 2.2, karibu sehemu nne kati ya tano za kitambaa hulala chini, hazionekani tena. Nakala nzuri ina kitambaa kingi kilichofichika kuliko kinavyoonekana.

Kigezo hukatwa katika karatasi ngumu au plastiki, huwekwa juu ya upande wa ndani wa kitambaa, na mstari huchorwa kukizunguka. Mstari huo ni wa kushonea, si wa kukatia. Fundi mzoefu huangalia pia mtande na mshindio. Upande unaofuata nyuzi hautanuki. Upande uliokatwa hanamu hutanuka kama mpira. Kwa hiyo pembetatu hukatwa kwa namna ambayo upande wake utakaokuwa ukingo wa mraba ufuate nyuzi, na hanamu ibaki ndani, ikizuiliwa na majirani. Asiyelijua hili atapata miraba inayobetuka, na atailaumu sindano yake bure. Hanamu ina wakati wake: utepe wa kufunga ukingo wa mawimbi ni lazima ukatwe hanamu, maana utepe wa nyuzi zilizonyooka haukubali kupinda.

Mpangilio wa kuunganisha hutoka kwa vidogo kwenda kwa vikubwa: pembetatu mbili huwa mraba, miraba miwili huwa safu, safu huwa kielelezo. Panapo umbo la mviringo au la jani, kitambaa hakiunganishwi ubavuni bali hubandikwa juu ya cheupe, ukingo ukikunjwa ndani kwa ncha ya sindano na kushonwa kwa mishono isiyoonekana. Yako maumbo yenye pembe ambayo kipande kimoja huingia katikati ya viwili vingine. Hapo mshono husimama kwenye nukta, si kwenye ukingo wa kitambaa, na mkono hushinda mashine.

Isidhaniwe kwamba cha kale chote kilishonwa kwa mkono. Elias Howe alipata hataza ya cherehani mwaka 1846, Singer mwaka 1851, na katika 1863 mashine hizo zilikuwa katika nyumba nyingi za Marekani. Kwa mashine ya leo wengi hutumia msingi wa karatasi: nakshi huchorwa juu ya karatasi, vitambaa huwekwa nyuma yake, mshono hupita juu ya mistari, kisha karatasi huchanwa. Usahihi wake hauna mfano. Lakini njia hiyo hugeuza nakshi kama kioo. Mraba wenye ulinganifu haudhuriki. Kititia huzunguka kinyume. Nakala zilizogeuka hivyo zipo, na mwenyewe asiyelinganisha na picha hatambui.

Kosa la milimeta moja halionekani katika mraba mmoja. Likirudiwa katika safu ya miraba 13 huwa milimeta 13, na pembetatu za ukingo hazitaketi. Ndiyo maana kila mraba hupimwa baada ya kumalizika. Anayeshona sehemu moja kwa juma atahitaji majuma 225, yaani zaidi ya miaka minne. Walio wengi huishia njiani, na hilo nalo ni habari juu ya Jane.

Uso ukiisha kukamilika, bitana hutandazwa sakafuni, pamba juu yake, uso juu ya pamba, na vyote hushikizwa kwa mishono mirefu ya bandi itakayofumuliwa baadaye. Pamba ya karne ya 19 haikuwa imeshikamanishwa. Mistari ya mishono isipokaribiana, ilijikusanya mafungu ndani ilipofuliwa. Pamba ya kiwandani ya leo huvumilia nafasi kubwa. Mnakili anaweza kuutumia uhuru huo na kupunguza kazi, ila mfarishi wake utavimba mahali ambapo mfarishi wa kale umelala.

6. Nakala na bandia

Mwanzoni mwa miaka ya 1990 taasisi ya Smithsonian ya Washington ilitoa idhini kwa kampuni moja kunakili mifarishi kadhaa ya hazina yake na kuiuza kwa bei nafuu. Ilishonwa kwa mkono nchini China. Mmoja kati ya ile iliyonakiliwa ulikuwa mfarishi wa Biblia wa Harriet Powers, mwanamke aliyezaliwa utumwani Georgia mwaka 1837, ambaye umaskini ulimlazimisha kuuza kazi yake kwa dola 5. Washonaji wa Marekani walilalamika kwa nguvu. Baadhi yao walitetea soko lao, na hilo halihitaji kufichwa. Lakini hoja moja ilikuwa na uzito usiotegemea soko: baada ya miaka hamsini, mfarishi ulioshonwa kwa mkono, kwa umbo la kale, uliochakaa kwa kutumiwa, utatofautishwaje na wa kale? Moja ya matokeo ya malalamiko hayo ilikuwa kuwekwa alama ya kudumu juu ya nakala.

Kiswahili kinasaidia hapa kwa kuwa na maneno mawili. Nakala ni kitu kinachokiri asili yake. Hata mwandishi wa muswada aliyeandika jina lake na tarehe yake chini ya utenzi wa mwingine aliacha nakala. Bandia ni kitu kilichovaa uso wa kingine. Tofauti kati yake haimo katika ubora wa kazi. Bandia inaweza kushonwa vizuri kuliko nakala. Tofauti imo katika maneno yaliyoandikwa juu yake, na kwa sababu hiyo kona ya mfarishi wa Jane ndiyo sehemu ambayo mnakili mwaminifu hana budi kuibadili. Akiandika 1863 na jina la Jane bila zaidi, ametia uongo mahali pale ambapo mwenye kazi alitia ushahidi. Wengi huandika jina lao, mwaka wao na hesabu yao wenyewe ya vipande, ambayo si lazima iwe 5602, maana kila anayekata kwa njia yake hupata jumla yake.

Lebo ya kipande cha kitambaa iliyoshonewa nyuma baada ya kazi kwisha huondolewa kwa makasi katika dakika mbili. Kwa hiyo mafundi waangalifu huiandika kwa wino usiofutika na kuishonea kwenye bitana kabla tabaka tatu hazijaunganishwa, ili mishono ya kushikamanisha ipite juu ya maandishi. Inatosha itaje mambo manne: jina la aliyeshona, mahali na mwaka, kazi iliyonakiliwa pamoja na jumba inamohifadhiwa, na yale aliyoyabadili, kama miraba aliyoinyoosha, vitambaa vya kuiga alivyovitumia, na mashine ikiwa aliitumia. Anayetaka kuitoa lebo ya namna hiyo itambidi aufumue mfarishi wenyewe.